Pongezi Zilizokosea Mlango: Downsview na Ushindi wa 1990

Tarehe 6 Septemba 1990 wapiga kura wa Ontario, jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini Kanada, walikikabidhi chama cha New Democratic Party, yaani NDP, serikali ambayo chama chenyewe hakikuwa kimejiandaa kuipokea. Kati ya viti 130 vya bunge la jimbo kilitwaa 74. Chama cha Liberal, kilichozoa viti 95 miaka mitatu tu nyuma, kilibaki na 36, na Conservative, waliowahi kuitawala Ontario kwa miaka 42 mfululizo, waliambulia 20. Waziri Mkuu wa jimbo, David Peterson, aliangushwa hata katika eneobunge lake mwenyewe mjini London, ile ya Ontario. Aliyemwangusha, Marion Boyd, alitoka kwenye kazi ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa na waume zao. Chama kilichozoea kupeana pole baada ya kila uchaguzi safari hii kilipeana pongezi, na haishangazi kwamba pongezi zenyewe hazikuwa na kipimo. Kwa mara ya kwanza Ontario ingetawaliwa na chama cha wafanyakazi na wajamaa wa kidemokrasia, na Bob Rae angeapishwa tarehe 1 Oktoba. Hoja ya makala haya ni kwamba pongezi zile zilikosea mlango. Zilipelekwa kwa jimbo zima, kana kwamba Ontario yote imeikubali itikadi ya chama, ilhali waliostahili kupongezwa walikuwa wachache na walijulikana walipo. Sehemu mojawapo ilikuwa Downsview, kaskazini magharibi ya Toronto, na yaliyotokea hapo kabla na baada ya usiku ule yanaonyesha chama kilichokuwa na ushindi wa aina mbili kikashindwa kuutofautisha mmoja na mwingine.

Tuanze na hesabu, maana ndizo shahidi asiye na chama. NDP ilipata asilimia 37.6 ya kura, Liberal 32.4, Conservative 23.5. Kwa maneno mengine, zaidi ya watu sita katika kila kumi waliopiga kura hawakuitaka NDP, lakini kwa kuwa katika kila eneobunge anayeongoza ndiye anayechukua kiti hata akiwa na theluthi ya kura, chama kilipata wingi mkubwa bungeni. Kura nyingi katika hizo zilizotosha zilikuwa kura za hasira. Peterson aliitisha uchaguzi katikati ya majira ya joto, wakati muhula wake haujafika miaka mitatu. Mapatano ya Meech Lake kuhusu katiba ya Kanada, aliyoyapigania, yalikuwa yamevunjika mwezi Juni, kashfa ya michango ya kisiasa ilikuwa bado haijapoa, na uchumi ulikuwa umeanza kuporomoka. Watu walimwona mtu anayekimbilia kura kabla hali haijawa mbaya zaidi, wakaamua kumwadhibu, na NDP ilikuwa ndiyo fimbo iliyokuwa karibu.

Atakayesema kwamba hivyo ndivyo mfumo ulivyo kwa vyama vyote atakuwa amesema kweli. Liberal walipata viti 95 mwaka 1987 kwa asilimia 47 ya kura, Conservative wa Mike Harris walipata 82 mwaka 1995 kwa asilimia 45, na Doug Ford wa chama hicho hicho alipata 76 kati ya 124 mwaka 2018 kwa asilimia 40.5. Kila mshindi amepongezwa kwa wingi ambao kura hazikuwa nao, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kwa nini NDP ya 1990 isomewe hesabu peke yake. Jibu ni kwamba si vyama vyote vinavyodhurika sawa na ushindi wa mkopo. Chama chenye marafiki katika benki, makampuni na magazeti makubwa kinaweza kutawala kwa kura chache bila kuyumba, maana wenye nguvu hawana haja ya kukipinga. Chama cha wafanyakazi hakina akiba hiyo. Akiba yake ni watu wake tu, na kikikosea kuwatambua watu wake ni nani, hakina pengine pa kukimbilia. Wakenya waliona jambo la jinsi hiyo kwa muungano wa NARC uliomshinda mgombea wa KANU Desemba 2002. Mwai Kibaki alipata kura nyingi ajabu, takribani asilimia 62, lakini kilichowaunganisha wapiga kura wale kilikuwa hamu ya kuiondoa KANU, na kilipokwisha kuondolewa kile kinachochukiwa, muungano ulibaki kugombania maana ya ushindi wenyewe, hadi ukapasuka hadharani katika kura ya maoni ya katiba Novemba 2005.

Downsview haikuwa ya aina hiyo. Ilikuwa sehemu ya North York, mji uliokuwa na halmashauri yake hadi ulipounganishwa na Toronto mwaka 1998. Kampuni ya de Havilland ilijenga kiwanda cha ndege hapo mwaka 1929, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege za kivita aina ya Mosquito zilitengenezwa hapo zaidi ya elfu moja. Baada ya vita waliingia wahamiaji, wengi wao Waitaliano kutoka vijiji vya kusini mwa nchi yao, na Toronto mpya ikajengwa kwa mikono yao, kuanzia mitaro na mahandaki hadi nyumba za ghorofa na njia ya reli ya chini ya ardhi. Tarehe 17 Machi 1960, mahali paitwapo Hogg's Hollow, ndani ya North York hiyo hiyo, vibarua watano Waitaliano walinaswa na moto chini ya ardhi wakichimba njia ya bomba la maji chini ya mto Don, wakafa wote. Ulikuwa msiba uliofichua jinsi kazi ile ilivyofanywa bila kinga, na uliilazimisha serikali ya jimbo kuangalia upya sheria za usalama kazini.

Hata hivyo waliokufa walikuwa wachache kuliko waliobaki vilema. Mjenzi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa akaumia mgongo alikuwa na haki ya fidia kwa sheria ya Ontario ya mwaka 1914, lakini haki hiyo ilipitia kwenye fomu za Kiingereza, kwa daktari wa bodi ya fidia aliyempima dakika chache na kumwandikia asilimia ya ulemavu, kisha barua ya kumwambia kwamba anaweza kufanya "kazi nyepesi", kazi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kumwajiri aifanye. Mwaka 1974 watu hao waliunda chama chao mjini Toronto, Umoja wa Wafanyakazi Walioumia Kazini, wakaanza kuandamana mbele ya bunge la jimbo. Katika uchaguzi wa Septemba 1975, NDP ikiongozwa na Stephen Lewis, ambaye baadaye Waafrika wengi walimfahamu kama mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu UKIMWI barani Afrika, ilipanda hadi viti 38 na kuwa chama kikuu cha upinzani. Miongoni mwa wabunge wapya walikuwamo Waitaliano watatu wa Toronto: Tony Grande, Tony Lupusella, na kwa Downsview, Odoardo Di Santo. Fidia ya walioumia ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yao. Mbunge wa aina hiyo hushughulika na majalada zaidi ya hotuba. Husoma barua ya bodi, huandika rufaa, hufuatilia, hurudishwa, huandika tena, na mtu aliyepata malipo yake kwa njia hiyo hamsahau aliyemshika mkono, wala watoto wake hawasahau.

Hapo ndipo pingamizi zito linapoingia, na haifai kulikwepa. Downsview iliyokuwa na mbunge huyo ilimwacha mwaka 1985 ikamchagua Joseph Cordiano wa Liberal, na mwaka 1987 ikamchagua Laureano Leone, Liberal mwingine. Anthony Perruzza wa NDP alikirudisha kiti mwaka 1990. Je, hii si kura ya kupepea kama ya maeneo mengine, na Perruzza si mtoto wa wimbi lile lile lililomwangusha Peterson? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Bila wimbi huenda asingeshinda. Lakini angalia majina: Di Santo, Cordiano, Leone, Perruzza, na baada yao Annamarie Castrilli. Wote watano wana asili ya Italia. Baada ya 1975 Liberal walijifunza haraka kwamba huwezi kuomba kura Downsview kwa mgombea asiyezungumza na watu kwa lugha yao, na walipojifunza hivyo, asili ya mgombea ikaacha kuwa silaha ya chama kimoja. Hilo lenyewe ni ushindi wa NDP ambao haukuhesabiwa katika viti. Tena, miaka miwili kuanzia 1985 Liberal walitawala kwa mapatano ya maandishi na NDP, wakapitisha mambo ambayo NDP ilikuwa ikiyadai, ikiwa ni pamoja na kuwazuia madaktari kuwatoza wagonjwa nyongeza juu ya malipo ya bima ya afya. Mpiga kura wa Downsview mwaka 1987 aliyaona mambo mema yakitoka serikalini, akamshukuru aliyekuwa serikalini. Kwamba mwaka 1990 alirudi kwa NDP kunaonyesha kwamba kilichomvuta kilikuwa bado kipo: mtandao wa vyama vya wafanyakazi, wa walioumia kazini, na wa wanasiasa wa mtaa. Perruzza mwenyewe hakuletwa na upepo. Alikwisha kuwa mjumbe wa bodi ya shule za Kikatoliki, kisha diwani wa North York.

Na bado kulikuwa na kiwanda. Serikali ya Kanada iliiuza de Havilland kwa Boeing mwaka 1986. Miaka minne baadaye, mwezi Julai 1990, wiki chache kabla ya uchaguzi, Boeing ilitangaza kwamba inatafuta mnunuzi. Maelfu ya wafanyakazi wa Downsview, wanachama wa chama cha wafanyakazi cha CAW, waliingia kwenye chumba cha kura wakiwa hawajui mwajiri wao wa mwaka ujao ni nani. Mnunuzi aliyejitokeza alikuwa muungano wa Aérospatiale ya Ufaransa na Alenia ya Italia, watengenezaji wa ndege za ATR, washindani wakubwa wa ndege ya Dash 8 iliyokuwa ikiundwa Downsview. Tarehe 2 Oktoba 1991 Tume ya Ulaya iliupiga marufuku ununuzi huo kwa sababu ungeua ushindani katika soko la ndege ndogo za abiria. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya Ulaya ya kudhibiti miungano ya makampuni kutumika kuuzuia muungano moja kwa moja. Boeing haikuitaka tena kampuni, na mnunuzi hakuwapo. Ndipo serikali ya Rae ilipoingia: mwaka 1992 Bombardier ya Quebec ilichukua asilimia 51 na jimbo la Ontario asilimia 49, huku serikali ya jimbo na ya shirikisho zikiweka fedha za kukiokoa kiwanda. Mwaka 1997 Bombardier ilinunua sehemu ya jimbo.

Tarehe 31 Januari 1998 ndege ya kwanza ya aina ya Q400, Dash 8 iliyorefushwa na kuongezewa nguvu, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Downsview. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua ndege hiyo bila kuambiwa: mabawa yamekaa juu ya kiwiliwili, kila injini ina panga sita, ndani kuna viti 76, na tangu Septemba 2016, Rais John Magufuli alipozindua mbili za kwanza za Air Tanzania, watu wameziita bombadia tu. Mwaka 2017 nyingine ya Tanzania ilizuiliwa huko huko Kanada na mdai mmoja wa serikali, jambo lililoifanya habari ya kiwanda cha mbali kuwa gumzo la vijiweni. Pale uwanja wa Julius Nyerere ndege hizo huegeshwa karibu na ATR za Precision Air, mashine za yule yule mshindani aliyetaka kuinunua Downsview mwaka 1991. Kama Tume ya Ulaya ingekubali, au kama Ontario isingeingiza mkono baada ya Tume kukataa, ni vigumu kuona Q400 ingetoka wapi.

Wapo watakaopunguza sifa hii. Watasema fedha hazikuwa za NDP peke yake, kwamba Bombardier ndiyo iliyojua kuendesha kiwanda, na kwamba mwishowe kiwanda kilifungwa hata hivyo. Mawili ya kwanza ni kweli na hayaharibu hoja. Serikali yoyote iliyowahi kuokoa kiwanda ilihitaji wabia. Swali ni kama ingekubali kumiliki karibu nusu ya kampuni ya ndege wakati bajeti yake ya 1991, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Floyd Laughren, ilikuwa na nakisi ya dola bilioni 9.7 na kila gazeti la biashara likiipigia kelele. Serikali iliyojiona imechaguliwa na jimbo zima ingeweza kusema fedha hizo zitawanywe. Hii ilisema Downsview kwanza, na safari hii iliugonga mlango uliostahili. Kuhusu kufungwa, Bombardier iliuza ardhi ya Downsview mwaka 2018, mradi wa Q400 ukauzwa mwaka uliofuata kwa wamiliki waliolifufua jina la De Havilland, wafanyakazi wakagoma mwaka 2021 wakidai hatima ya kazi zao, na uundaji hapo ukakoma mwaka 2022. Lakini hesabu miaka: kutoka 1992 hadi 2022 ni miaka thelathini ya mishahara, karibu maisha yote ya kazi ya fundi mmoja. Ndege za kifahari aina ya Global, zilizoanza kuundwa Downsview katika miaka ya tisini, bado zinaundwa eneo la Toronto katika kiwanda kipya kwenye uwanja wa ndege wa Pearson. Sera ya viwanda inayodumu miaka thelathini si ya kuonewa haya.

Kosa lilikuja mwaka 1993. Mapato ya jimbo yalikuwa yameporomoka, na Rae akataka kupunguza takribani dola bilioni 2 katika mishahara ya umma bila kufukuza watu. Vyama vya wafanyakazi vilipokataa makubaliano, bunge likapitisha sheria iliyoitwa Mkataba wa Kijamii, iliyofungua mikataba ya kazi iliyokwisha kutiwa saini na kuwapa watumishi wa umma wanaopata zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka hadi siku 12 za likizo bila malipo. Wananchi waliziita siku za Rae. Wasemao kwamba mgema alisifiwa mno akalitia tembo maji wanamwonea, maana Rae hakulewa sifa. Alikuwa akihangaika na mdororo mbaya, riba kubwa iliyowekwa Ottawa, na viwanda vilivyohama baada ya mkataba wa biashara huria na Marekani wa 1989. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile angepunguza matumizi. Lakini kulikuwa na njia nyingi za kupunguza, na aliichagua ile iliyoligusa jambo moja ambalo watu wa vyama vya wafanyakazi hawalisamehe, yaani kuvunja mkataba kwa sheria. Hesabu iliyo nyuma ya uamuzi huo ilikuwa ya serikali inayodhani ina jimbo zima la kulinda: tukiwaudhi watu wetu kidogo, wale wengine waliotupa kura watatuona tunawajibika. Wale wengine hawakuwa wao. Walikuwa wamemwadhibu Peterson, kazi yao ikaisha usiku ule ule.

Matokeo yake yanasikitisha zaidi yakitazamwa kutoka Downsview. CAW kilikuwa chama cha sekta binafsi, na sheria ile haikuugusa mshahara wa fundi hata mmoja wa de Havilland. Wanachama wake walikuwa wameokolewa na serikali hii mwaka mmoja tu kabla, na serikali hii ndiyo iliyopitisha sheria ya kupiga marufuku kuajiri watu wa kuziba nafasi za wagomaji, iliyoanza kutumika Januari 1993. Bado CAW, chini ya Buzz Hargrove, kilisimama na vyama vya watumishi wa umma dhidi ya NDP, na Novemba 1993 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Ontario likagawanyika katika mkutano wake juu ya jambo hilo. Kuna watu waliowaita hawa wasio na shukrani. Tathmini hiyo ni ya haraka mno. Watu waliojenga ushindi wa Downsview walijua kwamba mkataba ndiyo silaha pekee ya mtu asiye na mtaji. Mwaka 1975 walipigania fidia iliyokuwa ni haki yao kisheria, na mwaka 1993 walipigania haki isiyofutwa na kura ya bunge. Walibaki pale pale, na aliyesogea ni mwingine.

Juni 1995 Conservative wa Mike Harris walishinda, NDP ikabaki na viti 17, na sheria ya wagomaji ikafutwa mwaka huo huo. Downsview haikwenda kwa Harris. Ilimchagua Castrilli wa Liberal, kama vile ilivyofanya kila ilipoiacha NDP: ilihamia jirani, haikuhama mji. Rae aliacha ubunge mwaka uliofuata, na baadaye akahamia chama cha Liberal, akawa mbunge wa shirikisho na kisha balozi wa Kanada katika Umoja wa Mataifa. Eneo lake la York South, ambalo kabla yake lilikuwa la Donald MacDonald, kiongozi wa NDP tangu zama za CCF, chama kilichoitangulia, sasa limeunganishwa na Weston, na mwaka 2018 lilimpeleka bungeni Faisal Hassan wa NDP, mzaliwa wa Somalia, lakini miaka minne baadaye likampa kiti Michael Ford, mpwa wa Waziri Mkuu Doug Ford.

Perruzza alirudi alikoanzia. Aliingia Halmashauri ya Jiji la Toronto mwaka 2006, akishughulikia takataka, mifereji, kodi za nyumba na mabasi ya mtaa wa Jane na Finch. Msaidizi wake ofisini, Tom Rakocevic, aligombea ubunge wa jimbo kwa NDP katika eneobunge la Humber River–Black Creek, linalochukua sehemu ya magharibi ya Downsview, akashinda mwaka 2018. Alishinda tena mwaka 2022, katika uchaguzi ambao waliopiga kura hawakufika nusu ya waliostahili, na NDP ikipoteza viti karibu naye. Akashinda tena Februari 2025, chama chake kikiwa na viti 27 tu katika bunge la viti 124.